Sura ya Saba: Askari wa Pembeni

"Nyuso sizioni kabisa," alisema Bingwa wa sataranji Arshavir Tumasyan. "Mweke mke wangu nyuma ya ubao, nitamfunga kwanza, halafu ndiyo niulize huyu mama ni nani."

Siku nyingine Kapteni Zaven Kotanjyan angecheka, maana Arevakar si mji wa kumnyima mtu kicheko chake. Leo alisogeza tu kikombe cha kahawa mbele ya mgeni na kuuliza tena, kwa sauti ileile ya upole.

"Meza ya kumi na saba, Fundi. Ile karibu na jiko la makaa. Mtu mwembamba, mwenye masharubu."

"Jiko nalikumbuka vizuri. Kila nikifika pale nilikuwa naota moto." Bingwa alikunywa kahawa, akakunja uso, akanywa tena. "Na mchezo naukumbuka. Alianza vibaya, akapata ujasiri, akaharibu tena. Tukatoka sare. Mchezo huo naujua kama jina langu. Lakini aliyeucheza? Kapteni, zilikuwa meza thelathini, na mimi nilikuwa nazunguka katikati yake kama punda wa kinu. Naangalia mbao, siangalii watu."

"Mikono je? Ana kovu la wembe kwenye dole gumba. Refu, huwezi kulikosa."

Bingwa alifumba macho, akajaribu kwa moyo wote. Zaven alimwona akijaribu.

"Mkono ulikuwa unatetemeka," alisema mwishowe. "Lakini na wa kumi na sita ulitetemeka, na wa kumi na nane pia. Kovu sikuliona. Nilikuwa namwangalia farasi wake."

Basi hilo nalo likaenda na maji. Zaven alisimama dirishani. Theluji ya Machi ilikuwa inaanguka juu ya mawe mekundu ya mji, nzito na yenye maji, theluji isiyomfaa mtu. Jioni hiyo treni ya Tbilisi ingemchukua Bingwa, na Bingwa asingerudi Arevakar labda miaka kumi. Chini ya miguu ya Zaven, katika mahabusu ya kituo, alikaa kinyozi Norayr Shakaryan akisubiri kesi ambayo adhabu yake, ikithibitika, ni risasi.

Habari yenyewe mji mzima uliijua. Jumamosi jioni, Bingwa akiwa anazunguka zile meza akicheza na watu thelathini kwa mpigo katika ukumbi wa utamaduni, mtu aliingia ghala la mvinyo nyuma ya ukumbi huohuo, akampiga mlinzi Sedrak kwa nondo, akatoweka. Saa mbili na nusu Sedrak alikuwa hai na anatukana watu kwenye simu. Saa tatu na robo alikutwa ameanguka mlangoni. Mtuhumiwa hakutafutwa mbali. Majuma machache nyuma, Sedrak akiwa kwenye kiti cha kunyolewa, alitamka neno baya juu ya dada yake Norayr. Norayr alikuwa amemaliza nusu moja ya ndevu. Nusu ya pili hakuigusa. Alimshika mteja wake kola, akamtoa barabarani na povu upande mmoja wa uso, akamwambia mbele ya duka zima kwamba safari ijayo wembe hautaishia kwenye ndevu. Watu walicheka siku tatu. Arevakar watu hutishana hivyo kabla hata ya kunywa chai. Sedrak alipokufa, kicheko kilikwisha na maneno yakabaki.

Norayr alikuwa na jibu moja tu: nilikuwa kwenye kiti changu, mwanzo mpaka mwisho.

Na hapo ndipo Zaven alipokuwa amegonga mwamba. Wachezaji thelathini, watazamaji zaidi ya mia, na hakuna shahidi. Jirani wa kushoto alifungwa mapema akaenda zake nyumbani kununa. Jirani wa kulia aliapa kwamba Norayr hakuinuka, lakini jirani wa kulia alikuwa mtoto wa shangazi yake, na ushahidi wa namna hiyo ulikataliwa siku ileile. Wengine wote walisema lilelile. Fundi bomba Hamazasp alilisema vizuri kuliko wote: "Kapteni, mimi nilikuwa nazama. Utaniulizaje kama jirani yangu naye alikuwa anazama?" Tena katika michezo ya namna hii, meza zikianza kuisha, ukumbi huvurugika. Waliofungwa husimama nyuma ya wale waliobaki, hunong'ona, husukumana, na mtu anayejua zaidi humwinua asiyejua na kukalia kiti chake. Si vizuri, lakini hufanyika kila mara, na kila mtu hujifanya hakuona.

Mlango ulifunguliwa na Mwendesha Mashtaka Galust Melikbekyan akaingia, akakung'uta kofia yake, akamwinamia Bingwa kwa heshima. Hakuwa mtu mbaya. Zaven angependa awe mbaya, ingekuwa rahisi. Alikuwa mtu wa haki, mkavu kama mkate wa juzi, na hakupenda kudanganywa.

"Kapteni ananiambia una kitu cha kutuonyesha," alisema. "Mimi nitasema ninachoamini, ili tusipotezeane muda. Kinyozi asiye na daraja lolote, anayefungwa na wateja wake mchana kutwa, hawezi kutoa sare na wewe. Alianza mchezo, sibishi. Kisha akainuka, mwenye akili akakaa, na yeye akatoka kwa mlango wa nyuma. Akarudi kupongezwa."

"Mimi mwenyewe hunifunga," alisema Zaven.

"Wewe unanyolewa naye, Kapteni. Mji mzima unajua mlivyo. Kwa hiyo nakuomba leo uongee kidogo."

Zaven alikuwa amefanya kazi siku nzima kwa ajili ya jambo moja, na jambo lenyewe lilikuwa limewekwa mezani: ubao wa sataranji na kisanduku cha vipande. Hakuna aliyeandika mchezo ule. Lakini Bingwa alikuwa na michezo yote thelathini kichwani, na aliyekaa kwenye kiti kile alikuwa na mmoja. Kama yote miwili ingelingana, nani angebisha?

Bingwa alipanga vipande haraka kama mama anayepanga vijiko, akaanza kuucheza mchezo kwa mikono yote miwili, weupe na weusi, akielezea kwa maneno machache. Melikbekyan, ambaye hakuwa mchezaji, alifuata kwa macho ya mtu anayesoma mkataba. Tembo alitoka, farasi akaruka, askari wakalana katikati. Kisha mikono ya Bingwa ikasimama.

"Hapa nasita kidogo," alisema. "Si desturi yangu kusema hili."

"Sema, Fundi," alisema Zaven. Arevakar kila anayejua kazi yake kuliko wenzake huitwa hivyo, awe mwashi au daktari.

"Tazameni mfalme wake mweusi. Amejificha kwenye kona, askari wake watatu mbele yake, kama mtu aliyejifungia chooni. Hana pa kutokea. Ngome yangu ikishuka mpaka mstari wa mwisho, amekufa. Na wakati huohuo malkia wangu anamtaka farasi wake huyu. Vitisho viwili, na yeye ana hatua moja. Akiokoa farasi, mfalme anakufa. Akimpa mfalme hewa, farasi analiwa na mchezo umekwisha vilevile, polepole tu. Nikaenda zangu meza ya kumi na nane. Nakumbuka saa ya ukutani iligonga saa tatu na yule mama wa ukumbini akanipa maji ya moto."

"Saa tatu," alisema Melikbekyan.

"Nikazunguka. Nikarudi." Kwa kidole kimoja Bingwa alimsukuma askari mweusi wa pembeni, yule wa ukingoni kabisa, hatua moja mbele. "Huyu alikuwa ameshatembea. Peke yake. Halafu yule mtu, nikiwa nimesimama mbele yake, maana kanuni inataka asogeze mimi nikiona, akamtoa farasi wake hatarini. Hatua mbili kwa zamu moja."

Jiko lilitoa mlio wa makaa.

"Aliiba," alisema Melikbekyan.

"Katika kila mji yuko mmoja," alisema Bingwa. "Siwasemi. Nikimsema mtu mbele ya mji wake, hasa mji huu wenu, watamcheka mpaka watoto wake wazeeke. Nikanyamaza. Ilikuwa imechelewa, nilikuwa na njaa. Nikampa sare."

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Ninyi ndio wa kwanza."

Melikbekyan alitembea mpaka dirishani akarudi. Zaven aliona jambo linajipanga ndani ya kile kichwa kikavu.

"Basi ni rahisi," alisema Mwendesha Mashtaka. "Saa tatu, kwenye kiti kile, alikuwapo mtu aliyemsukuma askari huyu kwa wizi. Mtu huyo hakuwa ghalani. Mtu huyo anajua alichofanya, na hakuna mwingine duniani anayejua ila sisi watatu. Kinyozi akinionyesha mwenyewe, bila mtu kumdokeza, namfungulia leo. Asiponionyesha, hakuwapo, na mimi natia sahihi hati ya mashtaka. Sawa?"

"Sawa," alisema Zaven. Alitaka kumbusu yule mzee.

"Hakuna mtu kusema naye kabla. Hakuna mtu kusema naye mpaka nitie sahihi. Si neno, si jicho."

Bingwa alisema yeye angependa kukaa nje na kahawa yake. Zaven ndiye aliyesisitiza akae ndani. Tangu akamatwe, Norayr hakuwa na mazungumzo mengine ila Fundi alisema hivi, Fundi alisimama hivi. Akimwona Fundi mwenyewe ataamka, Zaven aliwaza, na ulimi wake utafunguka. Tena mtaalamu awepo, kesho asije mtu akasema mchezo haukuhakikiwa. Alilisema hilo kwa sauti, kwa hoja nzuri, na Melikbekyan akakubali.

Ubao ulipangwa upya tangu mwanzo. Sajini Vanush alimleta Norayr.

Alikuwa amekonda, ndevu za siku nne usoni, na kwa kinyozi hiyo ni aibu kubwa kuliko pingu. Macho yake yalimpita Kapteni, yakampita Mwendesha Mashtaka, yakafika kwa Bingwa na kutua hapo.

"Fundi! Umekuja mwenyewe!" Alilamba kiganja akalaza nywele. "Kapteni, huna huruma? Ungenipa wembe hata dakika mbili."

"Wembe ndiyo kitu cha mwisho utakachopewa humu," alisema Vanush.

"Basi mnyang'anyeni na yule anayemnyoa Ndugu Mwendesha Mashtaka." Norayr alielekeza kidevu. "Angalia shingo hiyo. Ndugu, mimi sijui nani aliyemuua Sedrak, lakini aliyekufanyia hivyo shingoni mnaye, na mmemwacha huru."

Hata Melikbekyan alijigusa shingo. Kisha alieleza: mshitakiwa atauonyesha mchezo wake wote, tangu hatua ya kwanza mpaka ya mwisho, kama ulivyokuwa, asiache kitu.

"Huo tu?" alisema Norayr. "Mimi nauota kila usiku."

Akaanza. Dole gumba lenye kovu liliinua, likaweka, likaachia. Mdomo haukunyamaza. Hapa nilitaka kulia. Hapa Hamazasp alipita akanikanyaga mguu. Hapa Fundi ulikohoa, nikajua mambo yameharibika. Bingwa alitikisa kichwa kukubali, hatua baada ya hatua, na kila alipokubali Norayr alizidi kunyooka kwenye kiti. Vanush, aliyekuwa anaandika, alisahau kuandika. Zaven aliweka mikono yake chini ya mapaja ili isimwumbue.

Tembo alitoka, farasi akaruka, askari wakalana katikati. Mfalme mweusi akajifungia kwenye kona yake. Malkia mweupe akamtolea farasi macho, ngome ikasubiri. Norayr alinyamaza kwa mara ya kwanza.

Mkono wake ulikuwa juu ya askari wa pembeni.

Sasa, aliwaza Zaven. Sema sasa, mjinga wewe, sema.

Norayr aliinua macho akamtazama Bingwa. Ilikuwa mara moja tu, haraka. Kisha akamsukuma askari hatua moja, akatoa mkono.

"Hapa nilimpa mfalme hewa," alisema.

"Ndiyo hatua yako?" aliuliza Melikbekyan.

"Ndiyo."

"Kisha?"

"Kisha Fundi akacheza..." Norayr alishika ngome nyeupe, akaiacha. Akamshika malkia, akamwacha. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. "Fundi akasogeza ngome hapa pembeni."

"Na farasi wako? Mimi si mchezaji, lakini naambiwa malkia alikuwa anamtaka."

"Alimtaka, ndiyo."

"Akamla?"

"Hapana, Ndugu. Farasi nilikuwa naye mpaka mwisho."

"Kwa nini hakumla?"

Norayr alikuwa anautazama ubao kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye theluji.

"Labda hakumwona," alisema polepole. "Meza thelathini, Ndugu. Mtu huchoka."

Bingwa alifumba macho. Melikbekyan hakuhitaji kuwa mchezaji kuelewa. Alimgeukia Vanush, akaielekezea kidole kalamu iliyosahauliwa, na Vanush akaanza kuandika kwa haraka.

"Naomba Bingwa akapumzike chumba cha pili," alisema Zaven. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Amechoka. Tuendelee bila yeye."

"Kapteni."

"Dakika tano tu, Ndugu Mwendesha Mashtaka. Nakuomba kama binadamu."

"Wewe ndiye uliyemtaka humu, na ulinipa sababu nzuri. Ni mtaalamu. Kaa chini." Kisha Melikbekyan akamwinamia mshitakiwa, na Zaven baadaye, kila alipotaka kumchukia, alikumbuka kwamba yule mzee aliuliza kwa haki kuliko kanuni inavyodai. "Shakaryan, nisikilize vizuri. Kuna jambo lolote lililotokea kwenye ubao huu ambalo hujatuonyesha? Lolote. Dogo. Hata la aibu."

Masikio ya Norayr yakawa mekundu. Zaven aliyaona yakiwa mekundu, na hakukuwa na mahali pa kuandika kitu kama hicho.

"Norayr jan, mpendwa wangu," alisema Bingwa ghafla, "mimi nimecheza na watu wengi sana katika maisha haya. Hakuna ambalo sijaliona, na..."

"Fundi, tafadhali," alikata Melikbekyan. "Si neno."

Bingwa akainamisha macho chini kwenye ubao ili asimtie mtu haya. Alidhani anasaidia. Norayr akauona uso ule umeinama juu ya mchezo wao, akadhani Fundi anaupenda, akatabasamu.

"Baba yangu hawezi kutoka kitandani," alimwambia. "Nilipomletea habari, alifungua ile konyaki aliyoiweka kwa ajili ya harusi yangu. Akasema sasa nioe nisioe, si kitu. Akawaita majirani." Akamgeukia Mwendesha Mashtaka, akanyoosha mgongo. "Hakuna jambo, Ndugu. Mchezo ulikuwa safi."

"Nauliza mara ya mwisho."

"Safi kabisa. Fundi mwenyewe yupo hapa."

Waliendelea kwa sababu kanuni ilitaka waendelee, lakini hakukuwa na cha kuendeleza. Farasi alihitaji kuwa mahali ambapo asingeweza kufika. Norayr alimweka, akamwondoa, akasema amesahau, akasema kelele zilikuwa nyingi, akasema mwishowe tulipeana sare, hilo kila mtu alilishuhudia. Tangu saa tatu, kwa kumbukumbu ya Vanush, mshitakiwa hakuujua mchezo. Alisomewa maelezo, akaulizwa kama ana la kuongeza, akasema hana, akatia sahihi kwa mwandiko mzuri.

Bingwa aliinuka, akamshika mkono. Norayr hakuuachia upesi.

"Ulicheza kwa moyo," alisema Bingwa.

Kituo kilikuwa na gari moja na theluji ilikuwa inazidi, kwa hiyo Melikbekyan mwenyewe alimsindikiza mgeni mpaka stesheni. Akirudi, alisema mlangoni, atatia sahihi. Zaven alitaka kumwambia Bingwa kitu. Bingwa alitaka kumwambia yeye. Walitazamana tu, na gari likaondoka.

Zaven alibaki na ubao. Alimrudisha askari wa pembeni nyuma, akamsukuma tena mbele. Alijua. Alijua kama anavyojua njia ya kwake, kwamba yule mjinga alikuwa amekaa karibu na jiko saa tatu usiku, anaiba hatua moja ya askari, wakati mtu mwingine anatoka ghalani na nondo yake. Kujua kwake hakukuwa na thamani ya senti. Alichukua sigara zake akashuka mahabusu, maana kazi ilikuwa imekwisha na hakuweza kukaa peke yake.

"Umeona?" alisema Norayr mara Vanush alipofunga mlango na kwenda kusimama mwisho wa korido. "Amenishika mkono mara mbili. Jumamosi na leo. Wewe amekushika mara ngapi?"

Zaven alikaa ukingoni mwa kitanda, akawasha sigara mbili, akampa moja.

"Kapteni, unalia?"

"Moshi."

"Usijali. Nilikuwapo pale, sasa watafanya nini? Mtu aliyekuwapo alikuwapo." Alivuta, akaangalia dari. Mbali, chini ya mji, treni ilipiga honi, na wote wawili walisikiliza mpaka ikaisha. "Ndiyo yeye huyo? Ameondoka kweli?"

"Ameondoka."

Norayr alipukuta majivu, akatazama mlangoni, akasogea karibu.

"Basi nikuambie kitu. Lakini kisifike kwake. Niapie."

Zaven alimwapia.

"Yule askari wa pembeni sikumcheza kwa haki. Fundi alikuwa upande wa pili, mama anampa maji. Nilijifanya napukuta majivu, nikamsukuma kwa mkono wa shati. Alipofika nikacheza farasi. Ndiyo maana pale juu nilikwama, sikuwa na pa kumpitisha farasi." Alijifunika uso kwa kiganja. "Sare yenyewe ya wizi, Kapteni. Na mzee amefungua konyaki."

Zaven alikuwa ameshasimama. Alimshika mabega, akamtikisa, hakujua kama anampiga au anamkumbatia.

"Utamwambia Mwendesha Mashtaka. Maneno hayohayo. Tangu mwanzo, usiruke kitu. Umesikia? Nakusihi, Norayr, yote."

"Fundi hatakuwapo?"

"Hatakuwapo."

"Basi mwite tu," alisema Norayr. "Shida yenyewe nini?"

Gari liliporudi, Zaven alikuwa nje kichwa wazi katika theluji. Melikbekyan alimsikiliza, akashuka naye mpaka chini, akasimama mlangoni mwa mahabusu na kofia mkononi. Norayr alisimulia. Alisimulia vizuri, kwa sauti ya chini, na aibu yake ilikuwa ya kweli: maji ya moto, majivu, mkono wa shati, farasi. Hakuruka kitu. Mwendesha Mashtaka alimwacha amalize mpaka neno la mwisho.

Kisha akauliza, kwa upole, "Kapteni alikuja lini humu ndani?"

Zaven alifungua mdomo. Norayr alimtangulia, uso wake umejaa shukrani.

"Tangu mlipoondoka, Ndugu. Hakuniacha peke yangu hata kidogo. Amenipa sigara, amenishika mabega, amenisihi, amenifundisha nikuambie yote tangu mwanzo nisiruke kitu. Liandikeni na hilo. Mtu kama huyu hapatikani."

Melikbekyan alivaa kofia yake, akapanda ngazi kwenda kutia sahihi.